Kuosha sola ya nyumbani Tabora

Dada, umeuliza kama unaweza kupanda juu ya bati mchana na maji ya sabuni ya unga kuosha paneli, maana vumbi la kiangazi hapo Tabora limepunguza chaji. Mchana usithubutu! Kioo cha moto kikimwagiwa maji baridi chaweza kupasuka, na paneli huzalisha umeme muda wote inapopigwa na jua, hata ukizima swichi ndani. Osha alfajiri, kioo kikiwa kimepoa. Maji matupu yanatosha. Sabuni ya unga huacha utando, stilwaya hukwaruza. Kinyesi cha ndege kiloweshe kwanza, usikikwangue. Tena usipande kabisa, nakuomba, bati likilowa linateleza. Funga sponji kwenye ufito mrefu uoshe ukiwa chini. Ukiona waya umechunika, usiguse, mwite fundi.