Mhadhiri bora wa uhandisi: tunampataje bila kuishia kumpa tu anayependwa?

SWALI: Habari za kazi, na pole na barua zetu. Mimi ni mhadhiri kitivo cha uhandisi na nimetupiwa kamati ya kuchagua mwalimu bora wa mwaka. Mwaka jana walichukua wastani wa zile fomu wanazojaza wanafunzi mwisho wa semista, wa juu akapewa cheti na makofi yakapigwa, haikupita muda anayefundisha mwaka wa tatu akaanza kulalamika kwamba vijana waliotoka kwa huyo huyo mshindi hawawezi hata kuchora kani zinazoshika boriti. Wengine wanasema tuzo yenyewe ni usanii, cheo kinapanda kwa machapisho basi. Tufanyeje?

JIBU: Kwanza huyo wa mwaka wa tatu msimuone mnoko, mwiteni kwenye kamati, maana anachokisema kimeshapimwa na watu. Kuna utafiti wa Carrell na West, ulitoka 2010, walifuatilia wanafunzi wa chuo cha jeshi la anga la Marekani ambako mwanafunzi hachagui mwalimu, anapangiwa tu, na mtihani wa kalkulasi ni mmoja kwa madarasa yote. Wakakuta walimu ambao madarasa yao yalifaulu vizuri pale pale ndio waliopewa alama nzuri kwenye fomu, ila wanafunzi wao walipofika kozi za mbele zinazotegemea ile hesabu wakawa nyuma ya wenzao. Na kwenye uhandisi kozi zinabebana, ukivusha mtu statiki (hesabu za kani kwenye vitu vilivyotulia) kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita, mzigo unamuangukia mwalimu wa kozi ya miundo inayofuata.

Halafu 2019 ikatoka nyingine ya Harvard, darasa la fizikia, waliofundishwa kwa kuhangaika na maswali wenyewe darasani walijifunza zaidi kuliko waliokaa kusikiliza mhadhara mtamu, lakini ukiwauliza wao wanakwambia hawajajifunza kama wale wengine! Kwa hiyo mkitumia fomu peke yake mnaweza kabisa kumuadhibu mwalimu kwa kufanya kitu sahihi. Na ni sahihi kweli, Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hesabu mwaka 2014, wakaona madarasa ya mhadhara mtupu mwanafunzi ana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya yule aliyeko kwenye darasa la kushirikishwa.

Sisemi fomu mzichome moto. Mwanafunzi anajua vitu ambavyo kamati haiwezi kujua, kama mwalimu anakuja, kama ripoti zinarudi kabla ya mtihani au baada, kama ukiuliza swali unatukanwa. Muulizeni hayo. Kumuuliza kama mwalimu "ana umahiri wa somo" ni kumuonea, yeye atajulia wapi?

Ningekuwa mimi ningeanza na karatasi. Ombeni kila aliyependekezwa alete mtihani mmoja aliotunga na ripoti chache za maabara alizosahihisha, majina yakiwa yamefutwa, mkae mzisome. Hapo ndipo mtu anajulikana. Chukua ripoti ambayo mwanafunzi ameandika boriti ya mita mbili imepinda mita tatu kwenye jaribio, yaani amechanganya milimita na mita akaendelea zake mpaka hitimisho bila kushtuka. Mwalimu mmoja anaweka alama nyekundu ya X na sifuri. Mwingine anaandika pembeni, "Ingepinda hivi ungeiona kwa macho? Rudi kwenye vipimo vyako kabla hujagusa fomula," na swali la kwanza la mtihani wake linakuja na jibu ambalo haliwezekani, mwanafunzi aseme kwa nini haliwezekani. Huyo wa pili hata kama slaidi zake ni mbaya (na wengi wao slaidi zao ni mbaya kwelikweli) mimi kura yangu anayo.

Mafundi wa maabara nao waulizwe, wanajua nani anaingia na wanafunzi na nani anatuma msaidizi. Na angalieni msimlinganishe wa kozi ya hiari yenye watu kumi na tano na yule aliyebeba mwaka wa kwanza wote ukumbini, hiyo sio haki.

Kuhusu usanii, wenzako wana hoja, cheti cha ukutani hakimsaidii mtu kitu. Chuo cha MIT cha Marekani tangu 1992 wana nafasi za MacVicar kwa walimu wa shahada ya kwanza, ukiteuliwa unakaa nayo miaka 10 na inakuja na fedha. Akademia ya uhandisi ya Marekani nayo ina tuzo ya Gordon kwa elimu ya uhandisi, dola 500,000. Nyie hamna hizo hela, sawa, lakini kumpunguzia mshindi kozi moja semista moja ili aandike vizuri alichokuwa anafanya, na hiyo kazi ihesabiwe kwenye faili la kupanda cheo, hilo mkuu wa kitivo anaweza. Akikataa na hilo, basi waliosema ni usanii wamesema kweli.

SWALI: Shikamoo. Mimi nipo mwaka wa nne, nimeambiwa niandike barua ya kumpendekeza mwalimu wetu wa thamodainamiki. Nikiandika anafundisha vizuri na ana upendo inatosha?

JIBU: Marahaba. Haitoshi, barua zote zitakuwa zimeandika hivyo hivyo. Andika kitu kimoja ulichokuwa hukielewi, alikufanyisha nini mpaka ukaelewa, halafu ulikuja kukitumia wapi baadaye, kwenye projekti au field. Ukurasa mmoja tu, na upendo uache kwenye sentensi ya mwisho kama lazima.