Kwa mnaoanza kuhakiki filamu parokiani

Kila mwaka vijana wawili watatu hujitolea kuandika uhakiki wa filamu kwa ajili ya karatasi tunayogawa baada ya Misa ya Kiswahili, hapa Kampala. Na kila mwaka kazi ya kwanza ninayoletewa ni ileile: matusi saba, busu mara tatu, bia, bunduki, mganga mmoja, kwa hiyo filamu haimfai Mkatoliki. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, nimekaa mstari wa mbele na daftari, nachora vijiti kama mtu anayehesabu madumu ya maji bombani.

Hesabu hiyo ina kazi yake. Mzazi anataka kujua kama mtoto wa miaka tisa abaki sebuleni au apelekwe kulala. Basi iandikeni, mistari miwili, chini kabisa. Lakini uhakiki bado hamjauandika.

Tazameni tunachoadhimisha wenyewe kila Juni 3. Watu wanatembea kwa miguu siku nyingi mpaka Namugongo kwa ajili ya vijana Wakristo walioteketezwa kwa imani yao mwaka 1886, na kisa chao mnakijua: Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwataka wahudumu wake kwa tamaa ya mwili, mkuu wao Karoli Lwanga akawakinga wadogo, akambatiza Kizito, mdogo wao, usiku wa mwisho kule Munyonyo. Kichoreeni vijiti kisa hicho. Kina tamaa, kina matumizi mabaya ya mamlaka, kina mateso ya kutisha. Ukiyaondoa hayo ili kisa kiwe safi, Kizito anabaki kijana aliyekuwa akiishi ikulu, basi.

Kanisa nalo limekuwa na safari yake katika jambo hili. Papa Pius XI aliandika Vigilanti cura, barua yake kuhusu sinema, mwaka 1936, wakati Wakatoliki wa Marekani walikuwa wakiapa kutokanyaga kwenye sinema zinazochukiza maadili, na barua ile ina ukali wake, ingawa inakiri kwamba filamu njema inaweza kujenga watu. Desemba 4, 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Inter mirifica, kuhusu vyombo vya mawasiliano. Isomeni namba 7, ni fupi. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba kuonyesha uovu kunaweza kumsaidia mtu kumjua binadamu kwa undani na kuufanya ukweli na wema ung'ae zaidi, mradi kuwe na kiasi. Kisha mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikano ikatoa orodha ya filamu 45, kumi na tano za dini, kumi na tano za maadili, kumi na tano za sanaa. Katika kundi la maadili imo Schindler's List. Ile yenye mauaji, yenye watu waliovuliwa nguo kambini, ambayo mhusika wake mkuu ni mzinzi na mfanyabiashara wa kujinufaisha na vita. Kijana aliyeniletea vijiti mwaka jana angeifungia mlango.

Kwa hiyo swali langu siku hizi ni hili: filamu inamtazama kwa jicho gani mtu anayetenda dhambi, na inanifanya mimi niliyekaa hapa nitamani nini? Swali hilo nilifundishwa kwa aibu.

Niliwahi kuisifu filamu moja kutoka Nigeria. Hakuna busu, hakuna tusi, watu wanasali tangu mwanzo hadi mwisho. Mjane ananyang'anywa shamba na shemeji yake. Anafunga siku saba, anatoa sadaka shilingi yake ya mwisho, na siku ya nane shemeji anagongwa na lori. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi pia. Nikaandika kwamba inafaa familia yote. Dominika iliyofuata mama mmoja mzee, katekista tangu mimi sijazaliwa, alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akaniuliza, "Mwanangu, na yule wa lori, nani alimwombea?"

Nilirudi kuitazama tena. Sala katika filamu ile ilikuwa hirizi: unalipa, unapewa, na adui yako anakufa. Badilisha rozari uweke kibuyu, hadithi haibadiliki hata kidogo. Tangu hapo filamu zinazojiita safi ndizo ninazozitazama kwa makini zaidi, maana hizo ndizo tunazowawekea watoto halafu tunaenda zetu jikoni.

Filamu za kutoa pepo zimejaa vibandani, kwenye vibanda vya video vya mitaani, kwa hiyo mjue na sheria ya Kanisa. Kwetu utoaji pepo rasmi anaufanya padre mwenye ruhusa ya wazi ya askofu wake, si kila anayepaza sauti na kushika Biblia. Na siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote. Mkiona padre wa kwenye filamu anakimbilia polisi na alichoambiwa kitubioni, jiulizeni kwanza: mwandishi hajui, au anatuonyesha padre aliyeanguka? Hayo ni makosa mawili tofauti, na la pili huenda si kosa la filamu.

Sasa suala la VJ, ambalo mhakiki wa Roma hana habari nalo. Kibandani filamu haisemi yenyewe. VJ anazungumza juu yake kwa Kiganda, anatafsiri, anaeleza, anatania, anawapa waigizaji majina ya mitaa yetu. Ni ufundi, na wengi wetu tumezipenda filamu kwa sababu ya VJ. Ila hayo ni maneno yake.

Siku moja kibandani, padre katika filamu alikuwa kitubioni na mwanamume wa makamo. VJ akamfanya padre aseme, "Dhambi hiyo ni elfu hamsini. Kama huna, lete kuku wawili." Kibanda kikavunjika kwa kicheko. Nikaenda nyumbani nimewaka, nikaandika ukurasa mzima kwamba filamu inadhihaki sakramenti, ikachapishwa. Wiki mbili baadaye msichana wa kwaya, aliyekulia Bukavu na anayejua Kifaransa vizuri, alinijia na simu yake. Alikuwa ameipata filamu ileile kwa Kifaransa chake cha asili, bila VJ. Padre alimuuliza yule mtu, "Umelibeba jambo hili miaka mingapi?" Basi. Kisha kimya, karibu nusu dakika, na yule mtu akaanza kulia. VJ hawezi kuacha kimya cha nusu dakika mbele ya watu waliolipa kiingilio, akakijaza kuku.

Paroko alinitaka niandike masahihisho. Yalikuwa mistari minne, na iliniwia vigumu kuliko ule ukurasa mzima. Kwa hiyo nawaomba: tazameni mara mbili, mara moja kibandani pamoja na watu ili mjue wanacheka wapi, na mara nyingine bila VJ, hata kama lugha inawapiga chenga. Tafuteni anayeijua. Kampala hii huwezi kukosa mtu wa Kifaransa, wala wa Kihindi.

Mengine ni madogo. Msifichue mwisho. Msiandike kuhusu roho ya mwongozaji, hamkumsikiliza kitubioni. Msinakili neno "kipagani" kutoka kwa wahakiki wa nje kila mnapoona ngoma au wazee wakimwaga bia chini. Ulizeni nyumbani kwanza maana yake, maana wengine wenu babu zenu bado wanafanya hivyo na Dominika wako kanisani.

Rasimu napokea Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya. Leteni na daftari lenyewe, si nakala safi tu. Nataka kuona mlichokiandika gizani kabla hamjawaza Paroko atasemaje.