Eti mi silipi kodi?

SWALI: Kaka mhariri shkamoo, nauza chipsi hapa Mbagala, shemeji ni mwajiriwa kila siku ananisimanga eti sisi wa mtaani hatulipi kodi, yeye ndo anakatwa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dada. Shemeji kachemka kidogo. Anakatwa PAYE, kodi ya mshahara, ni kweli, ila mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi, na kinachozidi milioni 1 kinakatwa 30%, yani mwenye nacho anabanwa zaidi. Sasa VAT, kodi iliyomo ndani ya bei ya bidhaa, haiangalii sura, na wewe unailipa. Ukinunua sabuni na soda dukani kwa 11,800 humo ndani 1,800 ni VAT, 18%, na bosi wa shemeji akinunua hivyohivyo analipa ileile 1,800, ila kwake hela ya kuoshea gari, kwako viazi vya kesho!

Tozo za miamala ya simu za Julai 2021 je? Kuanzia sh 10 mpaka 10,000 ukituma au kutoa, watu wakapiga kelele, wengine wakarudi kwenye keshi, Septemba serikali ikazishusha kwa 30%. Hela ya madarasa na zahanati lazima itoke mahali, sawa, ila kumkamua anayemtumia mama yake elfu 20 kijijini, mi hapo sijawahi kuelewa.