Nuru iliyozimika katikati ya anga

Ndugu, umeuliza kwa nini ile nuru iliyokuwa ikisafiri kimya kama nyota ilififia na kupotea katikati ya anga, ilhali hapakuwa na wingu. Nina hakika kubwa kwamba uliona setilaiti. Ndege ingemetameta taa zake nyekundu na kijani, na kimondo kingekwisha kwa sekunde chache tu.

Setilaiti haing'ai kwa taa yake. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaoakisiwa na umbo lake na paneli zake. Kwetu huku chini jua limeshazama, lakini kule juu, mamia ya kilomita, bado linaimulika. Ikiingia kwenye kivuli cha Dunia, inazimika, kama ulivyoona. Ndiyo maana wakati mzuri wa kuangalia ni saa moja au mbili baada ya giza kuingia, au kabla ya mapambazuko.

Anza na Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kiko kama kilomita 400 juu, kinaizunguka Dunia kwa takriban dakika 90, na kikipita karibu na utosi kinang'aa kuliko nyota zote za usiku. Mara ya kwanza kukiona nilishika pumzi, nikijua mle ndani mna watu! Ukiona nukta nyingi zimefuatana kama shanga, hizo ni Starlink, setilaiti za intaneti, zilizorushwa karibuni.

Ukiiona nyingine, andika saa na upande ilikotokea, tuitambue kwa jina.