Kabla ya Atari kulikuwa na Nutting

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni kampuni gani ya teknolojia iliyotangulia wenzake, halafu sifa zikaenda kwa wengine. Mimi naitaja Nutting Associates ya Mountain View, California.

Ukiuliza nani alianza kuuza gemu za video za kutumbukiza sarafu, wengi watakujibu Atari. Lakini Atari ilisajiliwa Juni 1972, na mwishoni mwa 1971 Bill Nutting alikuwa tayari ameingiza sokoni Computer Space, gemu ya kwanza ya video ya sarafu kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa. Kampuni yake ilikuwa ndogo, ikijulikana kwa Computer Quiz, mashine ya maswali na majibu.

Wazo la gemu yenyewe lilikuwa la Nolan Bushnell na Ted Dabney, wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Ampex, kampuni ya mitambo ya kurekodi sauti na video. Bushnell alivutiwa na Spacewar!, gemu ya 1962 ya mapigano ya vyombo vya angani, iliyochezwa kwenye kompyuta ya dola 120,000. Nani angeweka mtambo wa bei hiyo baa? Basi wakaachana na kompyuta, wakaunda saketi za kusogeza nukta kwenye televisheni ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe. Ufundi ulikuwa wao, ila aliyekubali kuweka fedha na kiwanda chake kwenye biashara ambayo haijawahi kuwepo ni Nutting, na hilo ndilo linalosahaulika.

Kabati la Computer Space lilikuwa la faiba inayometameta, limepindapinda kila upande; Bushnell alifinyanga kwanza mfano wake kwa udongo. Ulipewa vitufe vya kugeuza roketi kushoto na kulia, kuisukuma mbele na kufyatua. Ukishaisukuma, haisimami kwa sababu tu umeachia kitufe: inazidi kwenda mpaka uigeuze na kuisukuma kinyume, huku visahani viwili vya angani vikikushambulia. Muda ukiisha nawe umevizidi pointi, unaongezewa raundi, na skrini inabadilika, penye weusi panakuwa weupe.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walioikuta ikijaribiwa kwenye baa ya Dutch Goose waliishabikia. Kwingineko wateja waliozoea mashine za gololi (pinball) walibofya vitufe, roketi ikawatoroka, wakaondoka. Hata hivyo ziliuzwa zaidi ya 1,000. Sikubaliani kabisa na wanaoiita Computer Space gemu iliyofeli. Kitu ambacho mnunuzi hajawahi kukiona popote, kuuza zaidi ya elfu moja ni kazi kubwa!

Bushnell na Dabney waliondoka kwa Nutting, wakaanzisha Atari, na mhandisi wao Al Alcorn akawatengenezea Pong, gemu ya mfano wa tenisi ya meza. Maelekezo yake yalikuwa mepesi mno: usiukose mpira, upate pointi nyingi. Wepesi huo walijifunza kutokana na ugumu wa Computer Space, kwa gharama ya Nutting. Yeye akabaki bila mafundi wake, akatoa gemu nyingine chache, na kabla miaka ya 1970 haijaisha kampuni ilikuwa imefungwa.

Na msimsahau ndugu yake, Dave Nutting. Mwaka 1975 yeye na timu yake waliitengenezea kampuni ya Midway gemu ya Gun Fight, miongoni mwa gemu za kwanza kabisa za sarafu kuendeshwa kwa maikroprosesa, yaani chipu moja inayofanya kazi kama ubongo wa kompyuta. Kwa hiyo siku mtakapoandika makala kamili ya historia hii, naomba ukoo huu upewe zaidi ya aya moja.