Kwako mwanangu, kuhusu wateja na lile gauni la kijani

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Sisi wazima, ila baba yako goti linamsumbua tangu mvua zianze na hataki kusikia habari ya hospitali. Ujumbe wako mrefu nimeusoma, na simu zako nimeziona. Nilisema nitaandika kwa sababu kwenye simu mimi siwezi kufikiri, nabaki kuitikia "eheee, eheee" mpaka salio linakata. Barua hii nampa mdogo wako, anavuka kesho na meli ya asubuhi.

Umeuliza ufanye nini wanunuzi waongezeke kwenye ukurasa wako wa nguo za zamani. Unasema picha zinapendwa, makopa yanamiminika, watu wanaandika "kali sana dada", halafu hakuna anayetuma hela. Ukagusia na yule kijana mwenye wafuasi wengi anayetaka laki mbili akutangaze. Huyo nitamrudia.

Jana nilikaa na simu ya mdogo wako nikapitia ukurasa wote, juu mpaka chini. Kuchagua unajua, hapo sina neno. Mkono huo umeutoa kwangu, shangazi yako aseme atakavyo. Lakini nimeiona ile Levi's. Umeandika nini? "Jinzi kali, bei inboksi." Mwanangu! Si wewe uliyenikalisha hapa mkekani Krismasi ukanieleza kwamba kile kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma kikiwa na jina LEVI'S lenye E kubwa, suruali hiyo imeshonwa kabla ya mabadiliko ya 1971, na kwamba huko duniani watu wanaisaka? Mimi nimezishika hizo miaka na miaka, nikizijua kwa uzito wa kitambaa tu, habari ya E sikuwa nayo. Sasa umeipata hapo Mwanza, soko la Mlango Mmoja, ina E yake, ukaipiga picha kwa mbali imening'inia, E haionekani, na maneno yako ni "kali". Nani atajua?

Anayetafuta nguo ya zamani hatafuti "kali". Anatafuta koti la suwedi, kahawia, la miaka ya 70, linalomtosha. Hayo ndiyo anayaandika pale pa kutafutia, asipoyakuta kwako anapita. Zile fulana ulizosema zina mshono mmoja kwenye pindo, ambazo nyingi ni za kabla ya katikati ya miaka ya 90, lisogelee pindo ulipige picha. Lebo ya maelezo ya kufua ipigwe nayo. Kama ni nguo ya Marekani na lebo hiyo haipo, na huoni alama kwamba imekatwa, andika kwamba huenda ni ya kabla ya 1972, maana ndipo serikali yao ilipoanza kuwalazimisha wenye viwanda kuziweka. Andika "huenda". Usiape.

Na vipimo. Saizi iliyoandikwa kwenye gauni la miaka ya 60 haina undugu na saizi ya leo, ya zamani karibu kila mara ni ndogo. Laza nguo chini, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, urefu, andika kwa inchi na kwa sentimita. Baba yako ameshona miaka yote, futi zake ziko kwenye kopo la Blue Band, nimemwambia mdogo wako akuletee moja. Picha piga asubuhi karibu na dirisha. Taa ya ile sebule yako inageuza nyeupe kuwa ya mtindi.

Halafu hii "bei inboksi". Najua utasema, mama, wewe mwenyewe kwenye meza yako ya mitumba pale Kirumba ulikuwa unatundika bei? Sikuwa natundika, kweli. Tulikuwa tunapatana. Lakini mteja alikuwa amesimama mbele yangu, nimeona viatu vyake, nimeona kama ana haraka, naye ameuona uso wangu. Kwenye simu anaona haya kuuliza. Au anadhani kila mtu unamtajia yake. Pengine ndivyo unavyofanya, sijui. Andika bei, uache nafasi kidogo ya kupunguziwa, watu wetu wasipopunguziwa hawalali.

Sasa hayo yote unaweza kuambiwa na mtu yeyote. Ninalotaka kukuambia mimi ni tundu. Tundu lionyeshwe kwanza. Najua mmechoka kulisikia, kaka yako alikuwa ananiigiza mezani, lakini kwenye ukurasa wako mzima, nguo zote zile za watu waliozivaa miaka arobaini huko, sijaona tundu hata moja. Hakuna doa, hakuna kifungo kisicho cha kwake. Hiyo haiwezekani, na mnunuzi anajua haiwezekani.

Lile gauni la kijani unalikumbuka kwa kusimuliwa tu, ulikuwa bado. Ilikuwa 1995, mwaka mmoja kabla ya MV Bukoba kuzama. Meza yetu ilikuwa karibu na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo kila nguo ilibidi ipigane na harufu ya dagaa. Nilifungua belo la kilo 45, mashati, mashati, mashati, halafu katikati gauni la hariri, kijani kama jani la mgomba lililonyeshewa, vifungo vya kufunikwa kitambaa, kazi ya mkono ndani. Nililiweka chini ya meza siku nzima nikiliangalia.

Akaja mwalimu mmoja kutoka Sengerema. Alikuwa amevuka na kivuko cha Busisi tangu alfajiri, siku zile daraja ni ndoto, akitafuta gauni la sendofu ya binti yake. Nikamtolea. Akalivaa juu ya nguo zake nyuma ya kanga niliyoitandaza, akajitazama kwenye kile kipande cha kioo, akacheka peke yake. Bei tukapatana. Mkono ulikuwa tayari ndani ya pochi. Nikamwinua mkono wa kushoto nikamwambia, "Mwalimu, tazama kwapani, kumechanika kidogo, na hapa chini kuna doa, limefifia lakini lipo." Baba yako alikuwa palepale na cherehani, akasema nipe dakika mbili naziba, hutaona. Uso wa yule mama ulifunga. Akalivua taratibu, akalikunja vizuri, maana alikuwa mtu mstaarabu, akaenda meza ya tatu.

Na wa meza ya tatu alimuuzia gauni la pinki ambalo zipu yake nilikuwa naijua, maana belo lile tulifungua pamoja. Ilikuwa inashika ikitaka. Hakumwambia kitu. Alimfungia kwenye gazeti, mwalimu akapita mbele yangu akifurahi, na yule jirani akanitazama huku anatafuna karanga. Mpaka leo nikiona mtu anatafuna karanga namna ile, napata hasira.

Hapa ndipo watu hupenda kusema mwalimu alirudi akilia, akaja kwangu. Hakurudi. Nilimngoja mwezi mzima. Labda zipu ilishika siku ile ikavumilia mpaka keki ikakatwa. Gauni la kijani alilichukua mama mmoja mchuuzi wa dagaa, kwa chini ya nusu ya bei, kwa kisingizio cha tundu hilohilo, na wiki ileile nikamwona amelivaa anaanikia dagaa. Hariri, mwanangu! Alikuwa amependeza lakini, siwezi kumnyima hilo.

Baba yako ananisomea begani na anasema niandike kwamba yeye alisema siku ile na anasema leo: mwenye duka hana kazi ya kuchongea mali yake, mteja ana macho. Nimeandika, aridhike. Na nusu yangu inamkubali. Mwalimu alikuwa na macho na vidole, na hariri ilikuwa mikononi mwake, angetazama mwenyewe. Pengine kumwinua mtu mkono wakati tayari anajiona kwenye sendofu ni ukatili fulani. Nimelifikiria hili zaidi ya mnavyodhani.

Lakini wewe mteja wako yuko Arusha, yuko Dodoma. Hana vidole. Ana picha yako na maneno yako tu, na anatakiwa atume hela kwa simu kabla kifurushi hakijapakiwa kwenye basi pale Nyegezi. Anakutazama akijiuliza jambo moja: huyu ananificha nini? Ndiyo maana anaweka kopa anaondoka. Weka picha ya tundu, na shilingi mia kando yake ili aone ukubwa. Andika: "Kifungo cha pili si cha asili. Doa ndani ya kola, halionekani ukivaa." Akiona umesema hayo ataamini na ile E kubwa. Na kifurushi kikifika kikiwa hakina la kumshtua, atamwonyesha mwenzake. Tena nusa kabla ya kufunga. Nguo zimelala na vidonge vya kufukuza mende, zianike upepo wa ziwa siku mbili. Harufu haipigwi picha, nayo iandikwe kama imegoma kutoka.

Kuhusu yule kijana wa laki mbili. Hela ni yako, umeitafuta mwenyewe, na mimi sijui mambo ya wafuasi. Sisemi umlipe wala usimlipe. Nasema tu kwamba laki mbili ni vipande vingi ukiamka mapema belo likifunguliwa, na kwamba watakaoletwa na yeye watakuja kuangalia meza ileile. Ila labda watakuwa wengi kiasi kwamba hata wachache wakinunua inalipa, hilo nalo lipo. Mwulize wangapi walinunua kwa wale aliowatangaza kabla yako. Akikujibu kwa idadi ya makopa... basi, nimesema sisemi.

Wabeja kwa sukari na ile dawa ya goti. Baba yako ameliona lile koti la sufu la kijivu, lile lenye mifuko ya kubandika, na analitaka. Kifua chake ni inchi 44 siku hizi, usimpunguzie kwa kumheshimu. Mpe mdogo wako alilete Jumamosi, na kama lina tundu uandike liko wapi, atalishona mwenyewe.

Mama yako