Fundi Anajibu: Dohani Iliyovuma Usiku

Kipupwe kimekaribia, na barua nyingi za mwezi huu zimetoka nyanda za juu, kwa watu wanaoishi katika nyumba zenye meko ya kuotea moto sebuleni na dohani ya matofali inayopenya paa. Nimechagua nne, kwa sababu kila moja inagusa hatari ambayo mwenye nyumba haioni mpaka aoneshwe.

Swali kutoka Njombe: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nimepanga nyumba ya zamani. Kuni zangu ni mabanzi ya msindano ninayoyanunua kiwandani yakiwa mabichi, na usiku hufunika moto kwa majivu na kukisukuma kile kibati cha ndani ya dohani kifunge nusu, ili tuamke na joto. Wiki iliyopita tuliwasha moto mkubwa kwa ajili ya wageni, tukasikia dohani ikivuma kama lori linalopanda mlima, kwa dakika chache, kisha ikanyamaza. Jirani anasema ulikuwa upepo. Je, niendelee kuwasha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiwashe tena mpaka dohani hiyo isafishwe na kukaguliwa. Upepo huja na kuondoka. Mvumo wa mfululizo, uliozuka baada ya moto kupamba, ni sauti ya dohani yenyewe ikiungua ndani na kuvuta hewa kwa nguvu kutoka chini. Mmenusurika, na nafurahi kwamba umeandika badala ya kuridhika na maneno ya jirani.

Chanzo chake umekitaja wewe mwenyewe. Ubao uliotoka kukatwa una maji yanayoweza kufikia nusu ya uzito wake, kwa hiyo moto wake hutumia nguvu nyingi kuyachemsha maji hayo kabla ya kuiunguza kuni, na moshi unaopanda huwa mzito, usio na joto la kutosha, uliojaa gesi ambazo hazikuungua. Moshi huo ukigusa matofali ya juu yaliyopoa hugeuka matone, kama mvuke unavyofanya kwenye kifuniko cha sufuria, isipokuwa kinachobaki hapa ni lami iitwayo kreosoti. Wengi huulaumu utomvu wa msindano, lakini msindano uliokauka vizuri huwaka safi, na mkaratusi mbichi huchafua dohani vilevile. Kosa ni maji yaliyomo ndani ya kuni. Nao utaratibu wako wa usiku unazidisha ubaya, kwa kuwa moto uliofunikwa hutoa moshi mwingi wa baridi na kibati kilichofungwa nusu huufanya upande polepole, ukipata muda wa kuganda.

Lami hiyo hujengeka kwa hatua. Kwanza ni masizi mepesi yanayofutika kwa mkono, halafu magamba makavu, na mwisho utando mweusi unaong'aa. Niliwahi kuukwangua utando wa namna hiyo katika nyumba moja ya Mufindi: ulikuwa mgumu na laini kama sukari iliyoungulia sufuriani, patasi ikawa inateleza juu yake, na kipande kidogo nilichokipelekea njiti ya kiberiti kilichemka, kikavimba, kisha kikashika moto. Huo ndio uliovuma nyumbani kwako. Moto wa lami unaweza kupita nyuzi joto 1,000 za Selsiasi, na kwa joto hilo chokaa iliyoshika matofali hupasuka. Nyumba nyingi huponea moto wa kwanza. Wa pili hupenya katika nyufa zilizoachwa na wa kwanza na kuzifikia mbao za kenchi.

Kwa hiyo mwite fundi apande darini mchana, akiwa na tochi, aangalie pale dohani inapopita kati ya mbao. Akiona alama za moshi kwenye matofali, ubao uliobadilika rangi kuwa kahawia, au ubao uliogusana na dohani, hapo pana kazi ya uashi kabla ya kazi ya brashi, kwa maana mbao za kenchi zinapaswa kukaa mbali na matofali ya dohani kwa sentimita 5 angalau. Kisha dohani isafishwe hadi juu. Baada ya hapo ikaguliwe kila mwaka, na isafishwe kila mara utando wa ndani unapofikia unene wa milimita 3, hata kama mwaka haujaisha.

Mabanzi yako yapasue, uyapange kwenye banda lenye paa na pande zilizo wazi, na usiyaguse kwa miezi 6 hadi mwaka mzima. Kuni iliyo tayari ina unyevu usiozidi asilimia 20: miisho yake ina nyufa, ni nyepesi mkononi, na ukigonganisha vipande viwili hutoa mlio mkali, si ule wa kufifia. Washa moto mdogo unaowaka vizuri, na kibati kibaki wazi kabisa maadamu kuna kaa hata moja jekundu. Ukisikia ule mvumo tena, toa watu wote nje na uwapigie Zimamoto kwa namba 114. Usimwage maji ndani ya dohani, kwa sababu matofali yenye joto hilo hupasuka yakimwagiwa maji ya baridi, na mvuke unaoruka unaweza kumuunguza aliyesimama mbele ya meko.

Swali kutoka Mafinga: Tunapata bure vipande vya nguzo za umeme vilivyobaki, vikavu kabisa. Je, vinafaa kwa kuni?

Jibu: Havifai, wala mekoni wala jikoni. Rangi ile ya kijani kwenye nguzo kwa kawaida ni dawa yenye shaba, kromi na aseniki, ambayo ni sumu. Ukichoma, sehemu ya aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, ambayo najua wengi wetu huyatupa kwenye bustani ya mboga. Mbao zilizopakwa rangi nazo ziacheni.

Swali kutoka Lushoto: Nina nyumba ya wageni iliyojengwa enzi za Wajerumani. Nyuki wamehamia ndani ya dohani ambayo haikutumika tangu mwaka jana, na mlinzi anashauri tuwashe moto mkubwa wakimbie. Pia, kijana wangu anaweza kusafisha dohani mwenyewe kwa tawi na kamba, kama walivyofanya wazee?

Jibu: Mama, huo moto usiwashwe. Masega yakiziba njia ya moshi, moshi wote utarudi sebuleni. Nta itayeyuka, itiririke na kuwaka. Na nyuki walioghadhibika watateremkia vyumbani kwa wageni wako. Tafuta mfugaji nyuki wa hapo Lushoto awahamishe jioni, na usisitize kwamba masega yote yaondolewe, kwa kuwa harufu ya nta iliyobaki huita kundi jingine mwakani. Juu ya dohani weka kofia yenye wavu wa chuma wa matundu ya kama milimita 12. Wavu huo utazuia ndege, majani na cheche zinazorukia paa, lakini nyuki hupita. Dawa yao ni kuikagua dohani kila Mei, kabla ya moto wa kwanza.

Kuhusu tawi, namheshimu mzee aliyebuni njia hiyo, na masizi makavu huondoka nayo. Shida ni jiwe linalofungwa chini ya tawi ili lizame, kwa maana nimeona likigonga huku na huko na kuangusha lipu ya ndani ya dohani za zamani, ikabaki mianya ambayo moshi huitumia kuingia darini. Tawi haliwezi pia kuigusa lami. Agiza brashi ya nyaya za chuma iliyo sawa na upana wa dohani yako, yenye fimbo za kuunganisha, na kijana aisukume akiwa chini, asitembee juu ya paa lenye mteremko. Meko yafunikwe kwa turubai lililoloweshwa na kubanwa pembezoni, viti vitolewe, na yeye avae barakoa, miwani na nguo za mikono mirefu, kisha aoge palepale akimaliza. Hilo la kuoga nalisema kwa uzito: tangu mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alionesha kwamba masizi yalikuwa yakiwasababishia saratani wasafisha dohani wa mji ule, ambao wengi walianza kazi hiyo wakiwa watoto.

Swali kutoka Limuru, Kenya: Tangu tuezeke upya na kuinua paa, na kuweka madirisha ya aluminiamu, moshi unarudi sebuleni ijapokuwa dohani ni safi. Tumeacha meko, sasa tunaingiza jiko la makaa jioni. Asubuhi mama mkwe huamka na kichwa kikimuuma, na juzi alitapika. Tufanye nini?

Jibu: Leo hii, kabla hamjamaliza kusoma jibu hili, litoeni jiko nje na mumpeleke mama hospitali, mkamweleze daktari kwamba amekuwa akilala penye moto wa makaa. Makaa hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika ni dalili zake, na aliyelala huenda asiamke. Madirisha yenu mapya yanafunga barabara, na hapo ndipo chumba kilipogeuka mtego.

Madirisha hayohayo ni nusu ya sababu ya moshi kurudi. Dohani haiwezi kutoa hewa chumbani kama hakuna hewa inayoingia, kwa hiyo moto unapowaka dirisha moja liachwe wazi kidogo. Nusu ya pili iko juu. Mdomo wa dohani unapaswa kulizidi paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na kukizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo. Ninyi mliinua paa, dohani ikabaki fupi, na sasa upepo unaovuka kilele cha paa unaangukia mdomoni mwake. Fundi mwashi aiongeze kwa matofali yaliyochomwa vizuri, akifuata vipimo hivyo. Mtakapowasha kwa mara ya kwanza, chomeni gazeti moja lililokunjwa, mkiliinua karibu na koo la dohani ili mlisukume lile baridi lililokaa ndani, na mtazame moshi wake unakwenda wapi kabla ya kuweka kuni.